GARI HALIWAKI! USIKISIE, SIKILIZA KWANZA

Kijana mwenzangu,

Subiri kidogo! Usiikunje karatasi hii ukaitia mfukoni. Isome hapo hapo ulipo.

Huenda huna gari. Huenda hata leseni huna. Lakini wewe ni utingo, au konda wa Hiace, au dei waka, au kijana wa gereji pale Kahama, au mchimbaji unayerudi Katoro kwa mchomoko mmebanana kama dagaa. Ipo siku utakuwa ndani ya gari, dereva atageuza ufunguo, na gari litakataa. Je, siku hiyo utafanya nini?

Wengi wetu tunajua mambo matatu tu: kupiga kelele, kusukuma, na kununua betri mpya. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Na si fedha peke yake. Hebu nikueleze yaliyonikuta.

USIKU ULE MACHIMBONI

Nilikuwa utingo. Usiku mmoja tulilala kwenye machimbo, upande wa Geita. Saa nane za usiku tukaamshwa. Mama mmoja mjamzito ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na mkunga amesema, "Huyu ni wa hospitali. Sasa hivi!"

Gari lilikuwepo, gari dogo la otomatiki. Mama akaingizwa kiti cha nyuma. Dereva akageuza ufunguo. Likasema "Ka!" mara moja, kisha kimya. Akarudia. "Ka!" Kimya.

"Ngosha, sukumeni!" Tukasukuma, vijana kama ishirini, mpaka kwenye mteremko. Hakuna kitu. Mmoja akasema stata imekufa. Mwingine akasema betri imekwisha, twendeni tukaazime ya Fuso. Mwingine akawa tayari anafungua pampu ya mafuta. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Mama analia.

Ndipo nikasikia mnong'ono nyuma yangu: "Asubuhi si kuna bibi kizee aliomba lifti akanyimwa? Amelifunga gari."

Ndugu yangu, katika mkoa wa Shinyanga na jirani zake neno kama hilo si la mzaha. Wako vikongwe waliouawa kwa maneno ya namna hiyo, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Nilitetemeka.

Kabla watu hawajaelewana akatokea mzee mmoja, aliyewahi kuendesha malori ya pamba. Ana tochi na spana namba 10.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyamazeni nisikie. Dereva, washa taa kubwa. Haya, piga stata."

Taa zilikuwa kali. Ufunguo ulipogeuzwa, "Ka!", taa zikazima zote. Ufunguo ulipoachiwa, baada ya muda taa zikarudi. Mzee akacheka kidogo. "Moto upo. Njia yake imebanwa." Akafungua boneti, akashika kichwa cha waya kwenye betri kwa vidole viwili. Kikazunguka! Kilikuwa kimelegea, na ndani kina unga mweupe. Akakifungua, akakikwangua kwa kisu, akakirudisha na kukikaza. "Piga."

Gari likawaka mara moja.

Mama alifika hospitali, na mtoto akazaliwa hai. Lakini saa nzima ilikuwa imepotea kwa kukisia, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Na yule bibi kizee? Alikuwa amelala nyumbani kwake, hajui lolote. Betri haikufungwa na mtu. Ilikuwa imeliwa na kutu!

Tangu siku ile nikajifunza somo ninalotaka kukupa leo.

GARI LINAHITAJI NINI ILI LIWAKE?

Zamani gari liliwashwa kwa mkono, kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini. Hendeli iliporudi nyuma ghafla ilivunja mikono ya watu. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo kazi ya mkono ikawa kazi ya betri.

Basi shika mambo haya manne:

1. Lazima injini IZUNGUSHWE. Hiyo ni kazi ya betri, nyaya na stata.
2. Lazima yaje MAFUTA, tena safi.
3. Lazima uwepo MOTO. Kwenye petroli ni cheche ya plagi. Kwenye dizeli hakuna plagi ya cheche. Hewa hubanwa mpaka inakuwa ya moto sana, na dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe.
4. Lazima HEWA iingie na ibanwe vizuri, na kila kitu kije kwa wakati wake.

Likikosekana moja tu, gari haliwaki. Kwa hiyo swali la kwanza si "Tununue nini?" Swali la kwanza ni hili: JE, INJINI INAZUNGUKA? Kama haizunguki, achana na mafuta, achana na plagi. Shida iko upande wa umeme wa kuwashia. Kama inazunguka vizuri, iache betri ya watu. Shida iko kwenye mafuta, cheche au mbano.

Swali moja hilo limekwisha kukuondolea nusu ya kazi. Umeona?

KABLA HUJAFUNGUA BONETI

Usicheke, haya yamewaaibisha wengi:

- Gari la otomatiki, je, gia iko P au N? Ikiwa D halipigi stata. Ikiwa P linakataa, kanyaga breki, weka N, ujaribu tena. Wakati mwingine swichi ya gia tu ndiyo imechoka.
- Gari la kubonyeza kitufe, je, umekanyaga breki? Betri ndogo ya rimoti ikiisha, kwenye magari mengi unagusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe ndipo unabonyeza.
- Mshale wa mafuta unasema nini? Na je, unauamini?
- Kuna taa ya ufunguo inayopepesa kwenye dashibodi wakati unawasha? Huenda gari halitambui ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba.

SASA SIKILIZA: GARI LINASEMA

Washa taa kubwa, mtu asimame mbele azitazame, kisha geuza ufunguo.

Sauti ya kwanza: KIMYA, na taa haziwaki kabisa. Betri imekwisha kabisa, au waya wake umeachia. Tazama vichwa vya betri kwanza.

Sauti ya pili: "KAKAKAKAKA" ya haraka, taa zinafifia. Betri ni dhaifu. Ina nguvu ya kuvuta swichi ya stata, haina nguvu ya kuzungusha injini.

Sauti ya tatu: "KA!" moja. Hapa taa ndizo zinakupa jibu. Zikizima au kufifia sana, umeme haupiti vizuri: betri dhaifu, kichwa kilicholegea, au waya wa chini unaofungwa kwenye bodi na injini umeoza. Taa zikibaki kali vile vile, mtazame stata mwenyewe. Mara nyingi kaboni zake zimekwisha. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, mwenzio apige stata huku wewe unagonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa mti. Ikizunguka, umeijua. Lakini hiyo ni ya kukufikisha gereji tu.

Sauti ya nne: KIMYA, lakini taa ni kali na hazibadiliki. Umeme haufiki kwenye stata. Tazama fyuzi, relei, swichi ya ufunguo na ile swichi ya gia.

Sauti ya tano: inazunguka polepole, "Uuu... uuu... uuu..." kama mtu mgonjwa. Rudi kwenye betri na vichwa vyake.

Kama una mita ya umeme, huna haja ya kubishana na mtu. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa chini ya 12, imekwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya kama 9.6. Na jaribio hili wengi hawalijui: weka ncha moja ya mita juu ya nguzo ya betri yenyewe na nyingine juu ya kichwa cha waya kilichovaa nguzo hiyo hiyo, mwenzio apige stata. Mita ibaki karibu na sifuri. Ikipanda kupita nusu volti, uchafu uko hapo hapo!

Dawa ya vichwa ni rahisi. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Mwagia maji ya moto, sugua kwa msasa mpaka ving'ae, kausha. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza. Paka grisi kidogo juu.

KWA NINI BETRI ZINAKUFA SANA HUKU KWETU?

Joto linazila. Njia za vumbi za kuingia Nyarugusu, Rwamgasa na kwenye maduara mengine zinazitikisa mpaka sahani za ndani zinaachia na vichwa vinalegea. Na sisi wenyewe tunaziua. Tunapiga muziki usiku kucha injini imezimwa, tunachaji simu za kambi nzima, tunaing'oa betri tukaangalie mpira, kisha asubuhi tunamlaumu fundi. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kuwasha taa mpaka alfajiri. Ukiimaliza hivyo mara nyingi, haitarudi kama mwanzo.

Lakini sikiliza: betri iliyokwisha si lazima iwe mbovu. Huenda altaneta haichaji. Ukinunua mpya bila kupima, hata hiyo mpya itakwisha baada ya siku mbili. Hapo unasema, "Nimeuziwa betri feki." Kumbe!

UKIAZIMA MOTO KWA GARI LINGINE

Kwanza uliza: ni volti ngapi? Fuso na malori mengi yana betri mbili zilizoungwa pamoja kuwa volti 24. Ukizileta hizo kwenye gari dogo la volti 12 unaweza kuunguza mitambo yake ya umeme yote. Usikubali, hata kama dereva ni rafiki yako!

Magari yasigusane. Kisha fuata mpango huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake nyingine kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Kwa nini mbali? Kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka, na cheche ya mwisho isiruke juu yake. Kutoa ni kinyumenyume.

INAZUNGUKA VIZURI LAKINI HAIWAKI

Sasa tumehamia upande wa pili.

Mafuta. Mtu mmoja aweke sikio karibu na tangi, au chini ya kiti cha nyuma, mwingine apige stata. Magari mengi ya petroli ya kisasa yana pampu ya umeme, utasikia "zzzz." Mengine pampu hulia pale tu unapowasha swichi; lakini Toyota nyingi hulia tu injini inapozungushwa, kwa hiyo usiseme imekufa kabla ya kupiga stata. Kimya kabisa? Tazama fyuzi na relei ya pampu kabla ya kununua pampu.

Jiulize pia: mara ya mwisho mliweka mafuta wapi? Kama ni ya chupa kandokando ya njia, na gari likaanza kukohoa baada ya hapo, umepata mshukiwa. Chota kidogo kwenye chupa inayoonesha ndani, uache yatulie. Maji yatakaa chini, petroli juu. Uchakachuaji si hadithi. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta nchini ili kuwakamata wanaochanganya.

Ukisikia harufu kali ya petroli, huenda injini imelewa mafuta. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, usipampu, piga stata kwa sekunde chache.

Dizeli. Je, tangi lilikauka, au filta ilifunguliwa jana? Basi hewa imeingia kwenye mabomba. Pampu kwa mkono kwenye filta, legeza skrubu ya kutolea upepo mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Kuongeza dizeli peke yake mara nyingi hakutoshi.

Cheche. Plagi, nyaya na koili. Hapa umeme ni maelfu ya volti. Kama hujafundishwa, mwachie fundi, lakini mwambie uliyokwisha kuyaona.

Mbano. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, laini, kasi, kama haina mzigo, ACHA! Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Kila unavyoendelea kupiga stata, valvu zinaweza kugongana na pistoni.

ONYO! USIFANYE HAYA

- Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha kama dakika moja. Stata inaungua.
- Usiwashe kiberiti wala sigara ili uone betri au tangi. Tumia tochi.
- Usinyonye mafuta kwa mdomo. Yakiingia mapafuni yanaua.
- Usisukume gari la otomatiki ukitegemea liwake. Utachoka bure kama sisi usiku ule. La gia za mkono husukumwa likiwa gia ya pili, swichi iko wazi, klachi inaachiwa likishapata mwendo.
- Usisimame katikati ya magari mawili.
- Likizima katikati ya safari, iwe njia panda ya Tinde au juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, washa indiketa zote, weka pembetatu, shusha abiria wakae mbali na njia. Ufundi baadaye.

LIMEWAKA! JE, TUMEMALIZA?

Hapana bwana! Kuwaka si kupona. Uliza kwa nini lilikataa. Pima betri injini ikiwa inanguruma: isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta au mkanda wake una shida. Taa nyekundu ya betri ikiwaka ukiwa safarini, ni onyo lile lile. Wala usimruhusu mtu achomoe waya wa betri injini ikiwaka eti anapima altaneta. Mchezo huo ulikuwa wa magari ya zamani. Gari la leo lina kompyuta, na utaiunguza.

JIPIME MWENYEWE

1. Gari linasema "Ka!" moja, na taa zinazima. Utashika nini kwanza?
2. Stata inazunguka kwa nguvu, gari haliwaki. Fundi anasema nunua betri. Utamjibuje?
3. Dereva wa Fuso anataka kukusaidia moto. Utamwuliza nini?

Kama umejibu yote matatu, wewe si yule aliyeanza kusoma karatasi hii.

AMUA LEO

Kijana, usingoje saa nane za usiku ndipo utafute elimu. Leo hii nenda kwenye gari unalofanyia kazi, mwombe dereva akuoneshe betri, stata, fyuzi na tangi. Tafuta spana namba 10, kipande cha msasa na tochi, uviweke pamoja. Ukiona moyo wako unaipenda kazi hii, ulizia vyuo vya VETA, kimojawapo kiko Shinyanga, ujifunze kwa utaratibu na upate cheti.

Na siku gari litakapokataa, na watu wakaanza kupiga kelele, huyu anataja stata, yule anataja jina la jirani, wewe inua mkono useme kama yule mzee: "Nyamazeni nisikie."

Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe utingo mwenzako.